Ngoma Niliyompigia Mume Wangu

Msinionee huruma hata kidogo! Makosa ni yangu, na ninayasema hapa kwa sababu nimechoka kuambiwa "pole mama" na wale wale niliokosa nao.

Mume wangu hukata miwa upande wa Awendo. Siku moja kisiki cha muwa kilimchoma unyayoni, kikaingia ndani kabisa. Akasema anaenda kudungwa sindano. Nikamcheka! "Baba Achieng, mwanaume mzima unakimbilia sindano juu ya mwiba?" Nikakimwagia kidonda mafuta ya taa, nikafunga kitambaa. Kidonda kilipojifunga juu, nikajiona daktari.

Siku chache baadaye taya likakaza. Ugali haupiti. Mgongo ukaanza kupindika kwenda nyuma, na uso ukabaki na tabasamu la ajabu, meno nje. Mimi mjuaji nikajua! Msimu huo alikuwa amepanda mahindi kabla ya kaka yake mkubwa, na kwetu Waluo hiyo huleta chira, laana ya mwenye kuvunja mila. Nikawaita wenzangu wa kanisa tuitoe kwa maombi na ngoma, maana mimi ndiye mpiga ngoma wao.

Tukamzunguka kitandani. Kila nikipiga, mwili wake unarushwa juu. "Piga, Mama Achieng, inatoka!" wakapaza sauti. Nikazidisha. Mjinga mimi! Tena tukasema lile tabasamu ni shetani anatucheka.

Kaka yake ndiye aliyetufukuza. "Chira gani? Mimi ndio nilimwambia apande kwanza! Nyamazeni, tumpeleke hosi!" Akatafuta gari.

Hospitalini walimweka chumba chenye mapazia, nesi akaniamuru nivue viatu. "Mathe, hapa tunanong'ona. Kelele ndio itamuua."

Daktari akaniambia ni pepopunda. Kijidudu hubaki kidondani, lakini sumu yake hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, na huko huzima breki ya misuli. Basi sauti kidogo tu, misuli yote inakaza kwa pamoja, hata ya kupumua. Nikauliza, na akili? Akasema akili haiguswi. Mgonjwa husikia yote.

Anasikia yote! Na mimi nilikuwa nimesimama kichwani pake na ngoma!

Alikaa sana kwenye mashine ya kupumulia. Mungu hakunilipa nilivyostahili, maana alipona. Siku mdomo ulipofunguka nilimwinamia nikidhani ataulizia mtoto. Akasema, "Mama Achieng, nilikuwa nakuomba uache."

Wewe unayesoma hapa na kidonda umekifunga kitambaa cha mafuta ya taa, inuka! Kioshe kwa maji na sabuni, ukadungwe leo, usingoje taya likaze. Na mtu akikaza mwili mbele yako, zima kelele zako umpeleke hospitali.

Ngoma nimeirudisha kanisani. Lakini Achieng akiangusha sufuria jikoni, baba yake bado hushtuka mwili mzima, halafu hunitazama mimi.