Mtu Ndani ya Laptop ya Mama

Kazi ya kutengeneza kompyuta imeniharibu tabia. Mtu akipanda ngazi hadi chumba changu hapa mjini Eldoret akaniambia laptop ilijizima yenyewe, hakuigusa, mimi huinama kwanza kunusa kibodi kama ina chai. Mara nyingi inayo. Mwanafunzi wa Kesses akileta mashine asiyojua nywila yake, namwambia akaniletee mwenye mashine, na wengine hawarudi. Nao wateja hawaniamini mimi. Wanajua, kama wanavyojua jina la mama yao, kwamba kila fundi ana droo ya vipuri vibovu anavyongoja kubadilisha na vyao vizima. Kwa hiyo huifungua mashine mbele ya mwenyewe, yeye akiangalia mikono yangu, mimi nikiangalia macho yake. Tunachungana hivyo hadi kazi iishe.

Mama mmoja alinishinda hata mimi kwa kushuku. Aliingia na laptop iliyofungwa kwa leso, karani wake akimfuata na chaja. Alipoifungua niliona ameipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye betri na kwenye kila skrubu, ili nisithubutu kubadilisha kitu. Niliudhika, ingawa ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Alivuta kiti hadi magoti yake yakagusa meza yangu.

"Fundi," akasema, "hii laptop iko na mtu ndani."

Nilicheka, yeye hakucheka, basi nikamsikiliza. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia duka la mbegu na dawa za mifugo, na ploti huko Kesses yenye vyumba vya kupangisha wanafunzi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alidai ploti ni ya ukoo na akampeleka kortini. Mama alikuwa akiandikiana na wakili kwa barua pepe, na kila alichoandika shemeji alikuwa anakijua. Aliagana na wakili wakutane ofisi ya ardhi. Alipofika alimkuta shemeji ameshaketi kwenye benchi, naye shemeji akamwamkia vizuri na kumuuliza habari za watoto. Kisha mama akamwandikia wakili jina la mzee jirani aliyekuwepo ploti ikinunuliwa. Wiki haikuisha kabla ya mzee huyo kusema umri umemwendea, hakumbuki tena. Mama alikuwa amebakiza shahidi mmoja tu, na hakuthubutu kuandika jina lake popote. Akimpoteza huyo, ploti imekwenda.

Aliyemshuku alikuwa amesimama nyuma yake na chaja mkononi. Karani yule alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa magharibi, aliyeajiriwa na marehemu tangu duka lifunguliwe, na ndiye aliyekuwa akimchapia mama barua zake. Mama alikuwa amemkataza kuigusa laptop, akaihamishia nyumbani kwake mtaa wa West Indies na kuifungia kabatini chini ya mashuka, akawa anachapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Siri zikaendelea kutoka. Kwake hilo lilithibitisha kwamba karani alikuwa ameshaweka kitu humo ndani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akaniambia, bila kugeuka nyuma. "Ukinionyesha ni yeye, leo hii anaenda kwao."

Simu ya duka ililia mfukoni mwa karani. Akaipokea kwa sauti laini, "Duka ya mama hapa, nikusaidie na nini?" akamweleza mtu bei ya dawa ya kupe. Sauti yake sikuipenda. Watu wanaozungumza laini hivyo wamenitoroka na deni zaidi ya mara moja. Nikamuuliza ghafla, kwa ujanja wangu, nywila ya barua pepe ya mama ni ipi. Akaitaja bila kusita, na mama akanitazama kwa jicho la unaona mwenyewe.

Nikaanza kutafuta. Nilitafuta zile programu za kumchungulia mtu akiwa mbali, na zile zinazohifadhi kila herufi unayobonyeza. Sikupata kitu ila mchezo wa karata na vumbi la unga wa mifugo kwenye feni. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka karani kwenye paji la uso, nami nikajiambia moyoni kwamba ni huyu, sijajua tu alifanyaje.

"Fundi, angalia vizuri," akasema polepole. "Ukisema ni mimi, sina mahali pa kwenda kusema si mimi."

Ndipo nikaiacha laptop, nikaifungua barua pepe yenyewe. Huko kuna ukurasa unaoonyesha kila kifaa kilichoingia humo na hakijatoka. Vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa hii laptop. Cha pili kilikuwa simu, na ilikuwa imesoma barua za mama asubuhi ile ile, hapa hapa Eldoret.

Nikamwambia karani aweke simu zake zote mezani. Akaweka ya duka na yake, zote kabambe, zile simu ndogo za vitufe, ya kwake imefungwa kwa mpira isiachane na betri. Mama naye akaweka yake, kabambe vilevile. Hakuna hata moja ambayo ingeweza kufungua barua pepe. Nikasoma kwa sauti aina ya simu iliyoandikwa kwenye ukurasa. Mama akaniomba nisome tena.

"Hiyo ni simu ya Baba Watoto," akasema.

Nikamuuliza simu hiyo iko wapi. Akaanza kunieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyokuwa ikimpungua. Anwani hiyo ilifunguliwa na mumewe, kwenye simu yake, kwa ajili ya duka. Alipokufa, mama aliendelea kuitumia bila kubadilisha chochote. Wakati wa matanga shemeji ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, akaichukua ile simu ili awajibu waliokuwa wakipiga kutoa pole, mama akae apumzike. Baada ya mazishi alisema mvua iliinyeshea pale kaburini, ikaingia maji, ikafa.

"Na nilimwambia asante," mama akasema.

Hasira ilinipanda. Nimeona laptop za wizi, nimeona mtu akiifungua simu ya mkewe kwa kidole cha mke aliyelala. Lakini kumsoma mjane kwa simu ya marehemu mumewe, hilo sikuwa nimeliona. Msemo wa mama ulikuwa sawa, nguo ndiyo aliyokosea. Siku hizi kila anayepanda ngazi zangu namuuliza kwanza ni nani aliyemfungulia barua pepe, kwa maana huyo ndiye mwenye ufunguo wa pili.

Nikaupiga picha ule ukurasa kwa ajili ya wakili. Nikamwambia mama sasa naitoa ile simu kwenye barua pepe yake na kubadilisha nywila, kazi ya muda wa kunywa chai. Akanishika mkono.

"Ngoja. Kwanza asome hii."

Akainuka kwenye kiti chake, akamwambia karani aketi achape. Karani alimtazama, akaiweka chaja chini, akaketi. Mama akamtajia maneno akiwa amesimama nyuma yake: shemeji, ile simu uliyosema iliingia maji, naona asubuhi ilikuwa nzima. Irudishe. Watoto wanataka picha za baba yao. Nikawaelekeza waitume kwa anwani yake mwenyewe mama, ili iingie kule kama barua mpya na ile simu ilie.

Tukangoja. Chini barabarani mhubiri alikuwa akijaribu kipaza sauti chake.

Kisha kabambe ya mama ikaanza kutetemeka mezani, ikisogea kuelekea ukingoni. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na jina ambalo hakuwahi kulifuta: Baba Watoto. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka, lakini mkono hakuunyosha. Aliisukuma ile simu kwa kidole kimoja hadi mbele ya karani.

Karani akapangusa mkono kwenye suruali, akaipokea.

"Duka ya mama hapa," akasema, kwa ile sauti yake laini. "Nikusaidie na nini?"