Kofia ya Muadhini

Kwanza nilisikia kon, kon, kon, chuma juu ya chuma, nikajua nimefika. Bibi mshona kofia hakuwa na jino hata moja, kwa hiyo tambuu yake aliitwanga katika kinu kidogo kabla ya kuitia mdomoni. Macho yangu yalipozoea giza la kile kiduka nilimwona ameketi mkekani, na mbele yake, juu ya chungu kilichopinduliwa, kofia nyeupe ya mkono imekazwa kwa wanga.

Alikuwa ameishona tangu Ramadhani, tundu baada ya tundu, kwa ajili ya muadhini wa msikiti wa jirani. Angekuja kuichukua baada ya swala, maana siku ile ilikuwa Ijumaa. Nami nilikuwa nimeleta ya kwangu itiwe uzi pale ilipofumuka.

Kisha akaingia mgombea.

Ulikuwa msimu wa kura, miaka ile ya tisini, na mtu huyu alizaliwa hapa mtaani kwetu Bondeni, akaishi Nairobi mpaka akasahau njia ya msikitini, akaikumbuka wiki ile ile mabango yake yalipotoka kiwandani. Ijumaa iliyotangulia alivaa kofia ya mashine, na vijana wa barazani wakamwuliza kama alipewa bure aliponunua sabuni ya unga. Sasa alitaka ya mkono, kabla ya adhana.

"Shikamoo mamangu! Nimekuja unipambe."

"Marahaba. Kofia moja ni nusu mwaka."

"Nusu mwaka! Na hii je?"

"Hiyo ina mwenyewe. Ya muadhini."

Akacheka. "Muadhini yuko ndani na kipaza sauti, nani amwona? Mimi natazamwa na mji mzima." Akaiondoa chunguni, akaivaa, mshono wa kisogoni umekaa katikati ya paji la uso. Wafuasi wake wawili wakapiga makofi.

"Mheshimiwa! Sasa umekuwa mtu wa hapa hasa!"

Nimesikia sifa za uongo katika vikao vya waandishi, ambako hupitishwa kama kahawa, lakini sijapata kuona mtu mzima akizimeza kwa uroho namna ile. Yeye alitabasamu kama bwana harusi.

Bibi akainuka taratibu. Nikaogopa: mwanamke mzee, peke yake, mbele ya watu wenye fedha na sauti.

"Inama," akasema.

Akainama, akidhani anatengenezwa. Bibi akaivua kofia, akaitazama ndani, akaona alama ya mafuta ya nywele. Akaitumbukiza katika beseni la maji, akaipaka sabuni. Wanga ukatoka mweupe kama maji ya mchele, na ile kofia ikalegea mikononi mwake kama kitambaa cha jikoni.

"Mama! Wafanya nini?"

"Nafua. Muadhini simpi kofia yenye jasho la kitwa chengine. Atangoja nitie wanga upya, yeye ajua kungoja."

"Na mimi nivae nini?"

"Jifunike bango. Mbona umeyabandika hata ukutani kwangu?"

Mfuasi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mgombea akarudi nyuma hadi nje ya kizingiti, wafuasi wake wakimfuata, kidole chake juu.

"Mama, utakuja kunihitaji!"

Bibi akaongeza sabuni. Aliendelea kusugua.

"Mwanangu," akaniambia, "njoo ufunge mlango, marashi yake yaniumiza kitwa."

Nikaenda. Mtu yule alikuwa angali amefungua kinywa, hotuba nzima imo ndani. Nikausukuma mlango mpaka komeo likaingia.