Daktari Miguu Kwenye Stoo ya Pamba

Mimi ni sista wa chumba cha vidonda, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na sina subira na watu wanaochelewa. Nalisema mapema ili mtu asije akaniona mkali bure. Mgonjwa wa kisukari akiniletea mguu uliooza tangu mwezi uliopita, na mkononi ameshika chupa ya dawa ya Profesa, huwa nageukia ukutani kwanza nipumue, ndipo nimwambie, "Karibu mzee wangu, kaa hapa."

Huyo Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa na kipindi redioni kila asubuhi, na chupa ya maji meusi iliyotibu sukari, mgongo na ndoa. Aliwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe ilikuwa hiyo hiyo. Walimwamini kwa sababu sauti yake waliizoea, walikuwa wanaamka nayo. Sisi tulikuwa na daktari aliyesomea vidonda vya kisukari mpaka macho yakamwuma, mwanamke mfupi wa kutembea haraka, na nje ya geti la hospitali hakuna aliyemjua. Wagonjwa walimwita Daktari Miguu, maana kabla ya kukujulia hali alikuwa ameshakuambia uvue viatu.

Siku moja alikatwa mguu dereva wa lori, kijana wa miaka arobaini, juu ya goti. Alipozinduka alimtazama daktari na kumwuliza, "Daktari, mbona hamkutuambia mapema?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza tu. Daktari Miguu akatoka, akaja kusimama kwenye sinki langu, akanawa mikono mara mbili ingawa ilikuwa safi.

"Sista, nimesema miaka tisa," akaniambia. "Lakini nasemea humu ndani, kwa watu waliokwisha kuchelewa. Nataka kuanzisha podikasti."

"Kuanzisha nini?"

Akanieleza: kipindi anachorekodi mwenyewe kwa simu, na mtu anakisikiliza saa anayotaka, akiwa dukani au akichota maji. "Mtu akiona lengelenge mguuni, nataka anikumbuke mimi kabla ya Profesa. Sitaki kingine."

Mimi niliona ni wazimu wa wiki mbili. Wenzake walicheka mpaka chai ikawapalia. Kila akiingia chumba cha mapumziko walisema, "Mtangazaji wetu amefika, tuwekee wimbo." Mkuu wa hospitali alimpa ruhusa huku amekunja uso: asitaje jina la hospitali, asiguse saa za wagonjwa, na kikiharibika kitu asije kulia kwake. Daktari akasema ahsante, akajifunga kibwebwe.

Kwanza alijaribu nyumbani. Mume wake, mwalimu wa hesabu na mtu mpole kabisa, alimfungia madirisha, lakini jirani anachomelea mageti, na kila sentensi ilikatwa na mashine. Akajaribu ofisini. Kuta zina vigae, akasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye tangi. Halafu siku moja aliingia stoo kuchukua shashi ya kufungia vidonda huku anaongea na simu, akanyamaza ghafla, akaniita. "Sista, njoo usikie. Sema chochote." Nikasema nina njaa. Sauti yangu ilitoka nene na safi, bila mwangwi hata kidogo. Pamba ilikuwa imepangwa kila upande mpaka darini, na mablanketi nyuma ya mlango. Tangu hapo kila mchana, wenzake wakienda kula, yeye alikaa juu ya katoni ya glavu, simu ameiweka kwenye rundo la bandeji, na mimi nimesimama mlangoni kumzuia mtunza stoo asiingie na funguo zake.

Kipindi cha kwanza kilisikilizwa na watu kumi na mmoja. Watatu kati yao ni mimi. Mume wake alisinzia katikati na alikiri mwenyewe.

"Nikutolee uvivu, Daktari?" nilimwuliza.

"Nitolee."

"Unaongea kama uko kwenye raundi ya asubuhi na madaktari wenzako. Kuharibika kwa mishipa ya fahamu ya pembeni! Nani huyo anapika ugali huku anasikiliza mishipa ya pembeni? Ongea kama unavyoongea na mgonjwa ukishamvua kiatu."

Aliniangalia kwa jicho baya, nikajua neno limeingia. Kipindi kilichofuata kilianza hivi: "Kabla hujavaa kiatu asubuhi, kikung'ute. Tia mkono ndani. Mguu wako unaweza usisikie msumari, lakini mkono utausikia." Dakika saba, basi. Watu wakaanza kutumiana. Mama mmoja alifika kliniki akaisikia sauti yake kutoka kwenye benchi, akasema, "Kumbe ndiye wewe, na ni mfupi hivi!" Daktari alifurahi siku nzima, na mimi nilianza kujisifu kwa ndugu zangu kwamba namshikia mlango.

Ndipo tukakosea. Nasema tukakosea, sisemi alikosea, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na nilisikia kila neno.

Katika kipindi cha sita alitaka kusimulia kisa cha kweli, kwa sababu visa ndivyo watu wanavyokumbuka. Madaktari wana namna yao ya kusimuliana wagonjwa kwenye mikutano. Jina linaachwa, na mengine yote yanasemwa: umri, kazi, kidonda kilianzaje, kinanukaje. Wakishaacha jina wanajiona wametunza siri. Na kati yao kweli wameitunza, maana hakuna anayemjua mgonjwa. Basi Daktari Miguu akakaa juu ya katoni yake akasimulia mama wa miaka hamsini na minne, mshonaji wa nguo za harusi, aliyeweka pasi ya mkaa sakafuni ikaegemea mguu wake, asisikie mpaka alipoona moshi. Akasema alikificha kidonda miezi miwili. Akasema alipofika, harufu ilitangulia kuingia mlangoni. Jina hakulitaja.

Kipindi hicho kilisambaa kuliko vyote. Maelfu. Mimi mwenyewe nilikituma kwenye kundi la dada zangu, na niliandika, "Sikilizeni bosi wangu." Bado naona aibu.

Fundi huyo alikuwa mgonjwa wetu wa kila Jumanne, wa kwanza kwenye benchi, na kidonda chake kilikuwa kimebaki kidogo kama ukucha. Jumanne ile hakuja. Nikasema labda ana kazi nyingi. Jumanne ya pili hakuja. Jioni nikafunga safari mpaka dukani kwake. Nilimkuta peke yake, cherehani imefunikwa, na rafu za vitambaa vyeupe ziko karibu tupu.

"Mjini hapa kuna mafundi wangapi wa harusi wenye miaka hamsini na minne, Sista?" aliniuliza. "Wamama wamekuja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja. Hakuna anayetaka gauni la bintiye lishonwe na mguu unaonuka. Mwambie daktari wako mguu wangu si kipindi."

"Kidonda je, mama? Nani anakifunga?"

"Kinafungwa," alisema, akanifungulia mlango nitoke.

Nilimfikishia daktari maneno yale kama yalivyo, sikupunguza. Akatoa simu, akakifuta kipindi mbele yangu. Kilikuwa kimeshasambaa kwenye simu za watu, na alijua. Kesho yake mkuu alimwita, na mlango ule ni mwembamba, nilisikia.

"Nilikuambia kikiharibika usije kulia kwangu."

"Silii," alisema. "Nimekosa, na sina utetezi."

"Basi funga hiyo podikasti leo."

"Nitaifunga ukitaka. Lakini nilimwaibisha mbele ya watu wote wale, lazima nikiri mbele ya watu wale wale. Nipe kipindi kimoja. Ukishakisikia, amua."

Akampa. Nadhani alitaka kumwona akinywea hadharani.

Kabla ya kurekodi alikwenda kwa fundi. Mara ya kwanza fundi alimgeuzia mgongo. Mara ya pili alikanyaga cherehani tupu, haina hata uzi, ili asimsikie. Mara ya tatu daktari hakuomba radhi tena. Aliinama pale mlangoni, akasema, "Nitukane, lakini niache nione mguu." Fundi akasema hapana. Nilikuwa na daktari siku hiyo, na njiani kurudi alikuwa analia huku anatembea haraka vile vile, mpaka nikashindwa kumfuata.

Kipindi kile kilikuwa cha dakika nne. Alisema alitoa siri ya mgonjwa, kwamba kuficha jina si kutunza siri, na kwamba aliyeaibika hakuwa na kosa lolote. Kosa ni la daktari. Hakusema ni siri ipi wala ni ya nani. Akaahidi kwamba kuanzia siku hiyo, kila kisa, mgonjwa mwenyewe atakisikia kwanza, na akisema hapana, hakitatoka. Wenzake hawakucheka safari hii. Mkuu alikisikiliza mara mbili, kisha akasema tu, "Endelea, lakini nitakuwa nasikiliza." Mimi nilimwona daktari kama mtu aliyejivua nguo barabarani, nikamheshimu zaidi, na nikamwambia hivyo hivyo.

Jumanne ya tatu fundi alikuja. Alikuwa wa mwisho kwenye benchi, kiatu amekishika mkononi, mguu umefungwa kanga. Nilipoifungua nikageukia ukutani. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi.

Daktari Miguu aliupima kila upande. "Mguu utabaki," alisema. "Kidole siwezi kukuokolea. Ungekuja Jumanne ile, ningeweza."

"Najua," fundi alisema. "Nilikuwa nakukasirikia."

Wiki mbili baada ya kukatwa kidole, wakati namfunga, fundi aliniuliza daktari anarekodia wapi. Nikamwonyesha stoo kwa kidevu. Akasema anataka kuingia. Daktari akakataa papo hapo, akasema hahitaji kulipwa fadhila yoyote. Fundi akaja juu.

"Ni fadhila gani nakulipa mimi? Ulisema mgonjwa mwenyewe ataamua. Mwenyewe ni mimi, na nimeamua. Washa."

Wakakaa juu ya katoni mbili, magoti yanagusana, pamba imewazunguka. Mlango niliuacha wazi kidogo nisikie. Fundi alitaja jina lake kamili na mtaa wake. Akasema ndiye yule wa pasi, kwamba kweli kidonda kilinuka, na kwamba sasa hakinuki na anashona. Akaeleza alivyokificha kwa kuona aibu, na jinsi chupa mbili za Profesa zilivyoisha na shimo likabaki. Nikadhani amemaliza.

"Sasa wewe, Daktari," akasema. "Waambie kidole changu kimekwenda wapi."

Nikataka kuingia niizime ile simu mwenyewe.

"Kilikatwa kwa sababu mgonjwa alikaa wiki tatu bila kutibiwa," daktari akasema. "Na alikaa wiki tatu kwa sababu yangu. Alinikabidhi siri, nikaitangaza. Kidole hicho nimekipoteza mimi."

Nilimshauri akate hapo mwisho. Nilimwambia watu wanataka daktari anayejua, si daktari anayekosea, na kwamba Profesa atakipiga kipande hicho redioni kila asubuhi. Akasema, "Acha apige. Sikati hata neno." Na kweli Profesa alikipiga, asubuhi tatu mfululizo, huku anacheka.

Jumanne iliyofuata nilifika nikakuta benchi limejaa, na wengine wamekaa kwenye ngazi. Wa kwanza alikuwa mzee muuza mkaa ambaye sikuwahi kumwona. Alimtazama daktari akiingia, akavua viatu vyote viwili kabla hajaambiwa, akanyoosha miguu. Kwenye kisigino cha kulia kulikuwa na lengelenge dogo, la juzi tu.

"Nimekusikia kwenye redio ya yule mwenye chupa," alisema. "Nikajiambia, anayesema hivyo kuhusu nafsi yake, kwangu hatanificha kitu. Vidole vyangu bado vyote kumi, mwanangu. Nataka nirudi navyo nyumbani."

Daktari Miguu akavuta kiti, akakishika kile kisigino, akaniomba shashi.