Mitaro Niliyoichimba Juu ya Jaruba la Mama

Nikiikumbuka ile mitaro, nasikia kinyaa. Niliisimamia mimi mwenyewe, tena kifua mbele.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa ndani huko, mbali na barabara ya Kisesa. Juu ya majaruba ya mpunga kulikuwa na kinamasi cha mafunjo. Udongo wake ulikuwa mweusi, umejaa mizizi iliyooza nusu, umelowa kama godoro lililosahaulika mvuani. Maji yalitoka humo taratibu mwaka mzima, na jaruba la kwanza kuyapokea lilikuwa la mama yangu. Mjane yule alitulisha na kutuvisha kwa jaruba hilo.

Bwana misitu akaja na miche ya mikaratusi. Eti kinamasi kimekaa bure, tupande miti tupate nguzo. Miche ile isingesimama kwenye maji, kwa hiyo ilibidi tuchimbe mitaro kwanza. Kwa vile nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapewa filimbi na kundi la wachimbaji nilisimamie. Mkutanoni mama akauliza, "Na mpunga wangu utakunywa nini?" Nikamjibu mbele za watu kwamba anarudisha maendeleo nyuma. Nikapigiwa makofi. Mpumbavu mimi.

Mvua zilipoanza, maji yalishuka yote kwa mkupuo, yakabomoa kingo za jaruba, yakaenda zake ziwani. Wiki mbili baadaye pakawa pakavu. Mama alinipakulia ugali bila kuniangalia, na mimi nikala, sina haya.

Miaka ikapita, miti ikakatwa yote. Tukajipa moyo kwamba sasa maji yatatulia kama zamani. Wapi bwana. Mitaro ilibaki wazi, na ule udongo mweusi ulishanywea na kupasuka, hauwezi tena kushika kitu. Mvua ikinyesha, maji yanafuata njia niliyoyachimbia. Nilijaribu kuziba mtaro mmoja kwa matawi na udongo. Mvua moja tu ikazoa vyote.

Asubuhi moja nikamkuta mama jarubani, anabomoa kingo zilizobaki, alizozijenga na marehemu baba, ili apande mihogo. Alikuwa anahema. Nilijichukia. Nikashika mpini wa jembe lake nikamwambia, "Mama, niachie nikusaidie."

Akalivuta jembe kwake.

"Umeshanisaidia vya kutosha," akasema, akaendelea kubomoa.