Siku ya Jina la Inguna

Jirani yangu Skaidrite aliendesha basi la umeme hapa Riga mpaka alipostaafu, na hadi leo anapima dunia kwa saa za njiani. Kwa dada yake Ventspils ni saa tatu kwa basi, naye huenda kila mwezi. Dublin, kwa bintiye Inguna, ni saa tatu zilezile kwa ndege, na hakuwahi kukanyaga.

“Kilomita elfu mbili, shoga! Tena na bahari,” alikuwa akiniambia.

Bahari gani! Kilichowatenga ni mdomo wake. Inguna alipokuwa anakwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya uyoga, mama mtu alimwambia palepale mlangoni, mimi nasikia: “Nenda kawachumie watu uyoga wao, wa kwetu uozee msituni!” Binti aliondoka analia. Tangu hapo ikawa kifurushi kutoka kwa binti na simu za Krismasi tu: hujambo, sijambo, baridi ipo? Huyu anangoja kualikwa, yule anangoja kuombwa radhi, na miaka inayoyoma.

Mwaka huu miguu ya Skaidrite ilianza kumkatalia. Siku moja akanishika mkono. “Naogopa nitakufa sijamwona.”

“Si uende!”

“Hajanialika.”

Nilipandwa na hasira. “Wewe bibi, siku ya jina lake inakaribia, na siku ya jina kuna anayealikwa? Lini uliwahi kunialika mimi? Si naja tu, nakula na kusaza?”

Maana kwetu ndivyo ilivyo: kila jina lina tarehe yake kwenye kalenda, na wenye jina hilo husherehekea. Siku ya kuzaliwa unaita watu. Siku ya jina humwiti mtu. Unaoka mkate mtamu wa zabibu, unatandika meza, unakaa. Anayekukumbuka anakuja mwenyewe.

“Kule siku za majina hazijulikani,” alinung’unika.

“Kwani jina lake aliliacha huku?”

Kesho yake akaniambia haendi bila mimi.

Siku yenyewe ya jina la Inguna tuliruka saa nne asubuhi. Njia nzima alinibana mkono, akinung’unika kwamba rubani anakata kona vibaya. Tuliposhuka, saa ya ukutani ilisema saa tano.

“Saa moja tu?” alishangaa.

“Tatu, mama. Wenzetu saa zao ziko nyuma kwa mbili.”

Akasimama katikati ya watu na mizigo yao. “Na miaka yote hii nakwenda Ventspils,” akasema, machozi yakimtoka.

Anwani tulikuwa nayo, imeandikwa kwenye kifurushi cha Krismasi. Inguna alifungua mlango akiwa na aproni, akatukodolea macho, akashika fremu ya mlango. Nyuma yake nikaiona meza: kitambaa cheupe, mkate wa zabibu haujakatwa, vikombe vimepangwa. Mtu hata mmoja hayupo.

“Unangoja wageni?” mama yake aliuliza kwa sauti ndogo. “Basi tutakaa jikoni.”

“Hakuna wageni, mama. Huku hakuna anayejua. Kila mwaka naoka, natandika, jioni narudisha vikombe kabatini.”

Skaidrite alibaki pale kizingitini, maua aliyomletea yakiwa mkononi. “Yale maneno ya uyoga, mwanangu. Nilikosa. Nisamehe.”

Inguna alimvua mama yake koti, akamwongoza mpaka kiti cha karibu na dirisha, ambacho mbele yake palikuwa na kikombe cha maua ya buluu, tofauti na vingine vyote.

“Kaa, mama,” akasema. “Hapo ni pako kila mwaka.”