Mashine Iliyotaka Kunipa Baba

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Nasema mapema ili anayetaka kushangaa ashangae sasa hivi, tuendelee. Bibi yetu, mwenye mji, yaani boma letu, hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alikuwa ameshafariki. Akatoa ng'ombe zizini mwake mwenyewe, akamwoa mama yangu kwa mahari kamili, mbele ya watu. Huku kwetu Mara inaitwa nyumba ntobhu: mke anazaa, na watoto wanakuwa wa aliyetoa mahari. Mimi na ndugu zangu ni watoto wa mji ule. Mwanamume aliyenizaa namfahamu, tunasalimiana mnadani, basi. Hanidai, simdai.

Kambi moja ya watalii kule Serengeti ilitangaza kazi ya mapokezi. Usaili ungefanyika Mugumu, kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Niliitaka kazi ile, jamani! Nilikuwa nimemaliza chuo cha hoteli, nimerudi kijijini kwetu Kenyamonta kulima mihogo, cheti kinakula vumbi sandukuni. Kiingereza cha kuandika nilikuwa nacho, ila cha mdomoni kilikuwa kinakwama kooni. Na huku utafanya mazoezi na nani? Ukianza tu, watu wanakuuliza leo umekula nini.

Nikapakua kwenye simu ile programu ya akili bandia ya kuongea nayo. Unasema, inakujibu kwa sauti ya mwanamke mpole. Nikawa nakaa nyuma ya zizi nikishamaliza kukamua, spika wazi, tunapiga stori. Ng'ombe akilia, yenyewe inasema, "Vizuri sana, niambie zaidi." Nilicheka, lakini ilinisaidia, siwezi kukataa. Ulimi ulianza kulainika.

Shida ikaja kwenye swali ambalo halikosekani kwenye usaili: tueleze kuhusu familia yako. Nikaeleza. Mashine ikanisifu, halafu ikasema, nadhani ulitaka kusema mama yako aliolewa na mtoto wa bibi yako. Nikarudia taratibu, nikidhani ni matamshi. Ikanisahihisha tena: bibi ni mama mkwe. Siku nyingine ikanipa pole kwa kufiwa na baba. Pole ya nini? Nani kafa? Nikaiambia sijakosea Kiingereza, ndivyo ilivyo kwetu. Ikaomba msamaha vizuri kabisa, ikasema imeelewa, na kesho yake ikarudi palepale. Ebo! Sijawahi kubishana na kitu kipole kiasi kile.

Mama akaniambia niifuate mashine. "Mwanangu, sema tu baba alikufa, upate kazi. Nani atakuja kukagua kaburi?" Simlaumu. Alishachoka kuulizwa na manesi na walimu wanaoletwa kutoka mikoa mingine, na kwake jibu fupi ni mapumziko. Nikajaribu. Nikasema baba yangu alikuwa mkulima, amefariki. Sentensi ikateleza bila kukwama hata kidogo, na mashine ikanipongeza, eti sasa naongea kama mzawa. Mzawa wa wapi?

Bibi alikuwa anafunga ndama pale karibu. Akauliza, "Huyo anakuambia nini kila siku?" Nikamweleza yote, hata lile la marehemu. Akaninyang'anya simu, akaifokea kwa Kikurya mpaka pumzi ikamwishia. Mashine ikamjibu kwa Kiswahili safi, "Habari yako, rafiki!"

Bibi akanirudishia simu. "Hata shikamoo haijui. Hii ndiyo ikufundishe mimi ni nani?"

Siku ya usaili niliwakuta watu watatu mezani. Meneja, aliyekaa katikati, akaniuliza kuhusu familia. Ile sentensi ya baba marehemu ilikuwa tayari mdomoni, laini, inasubiri kutoka. Nikaimeza. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi sikwenda Mugumu kuomba utumwa. Nikasema ilivyo.

Meneja akatabasamu. "Unamaanisha mama mkwe wa mama yako."

"Hapana. Namaanisha aliyemwoa. Ng'ombe walitoka kwake."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Sisi tukisema jambo tunalolijua, asiyetuzoea anadhani tunagombana. Wale watatu wakaangaliana, kisha uso wa meneja ukachangamka. Akasema mapokezi wameshapata mtu, lakini hii, hii wageni wataipenda! Kila jioni nivae shanga, nikae nao kwenye moto, niwasimulie habari za bibi yangu aliyeoa mke. Kiingereza changu kinatosha kabisa, akasema.

Weee! Kumbe kwa kumuuza bibi kinatosha, kwa kupokea mizigo hakitoshi. Nilisimama. "Bibi yangu si mnyama wa mbugani. Niliomba mapokezi." Nikakusanya vyeti vyangu nikatoka.

Nilirudi Kenyamonta bila kazi. Mama akajishika kichwa, akasema kazi ni kazi, kwani kusimulia kunachubua? Nilikwenda kwa bibi, aliyekuwa anapukuchua mahindi kibarazani, nikamsimulia nikitegemea sifa.

"Kwa hiyo wanazitaka habari zangu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ukawakatalia."

"Nikawakatalia."

"Sawa. Wewe si wa kunisimulia wakati mimi niko hai." Akachukua gunzi lingine. "Lakini wakizitaka kweli, waje hapa mchana, wakae, niwaambie mwenyewe. Na nikimaliza, na wao waniambie: kwao, mwanamke akikosa mtoto wa kiume, mji wake wanampa nani?"