Mama Alinunua Mbegu Akiangalia Sahihi Yangu

Admin, nifiche jina kabisa, na ukiona nimejibu mtu huko chini usionyeshe unanijua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina mtoto mmoja, na tunakaa Majimbo hapa Embu. Kazi yangu ni kukagua maduka ya kuuza mbegu. Duka halipati leseni mpaka mimi au mwenzangu tufike, tuangalie stoo, tujaze fomu, tuweke sahihi. Najua kuna wenye wameshaanza kuguna. Ngojeni nimalize, halafu mnitusi vizuri.

Ofisi yetu ina gari moja. Likienda upande wa Kiirua, kule Meru, sisi wa huku tunakaa tukiangaliana. Likirudi halina mafuta. Wenye maduka wanalipia leseni kila mwaka, pesa zinaenda juu, na zikishaenda juu hazijui njia ya kurudi. Nimeandika barua za kuomba mafuta mpaka nimechoka. Mkubwa wangu huniambia nitumie akili. Sasa kutumia akili, kwa wale hawajui, ni kumpigia mwenye duka simu umwombe aje akuchukue uende umkague. Yaani mtoto wa shule ndiye anabeba mwalimu kwa pikapu yake aende kumsahihishia mtihani. Na wewe mwenye kodi unafikiri mbegu zako zimeangaliwa.

Hivyo ndivyo nilijuana na mzee mmoja mwenye agrovet, duka la mbegu na dawa za shamba, kule Mbeere, soko la karibu na nyumbani kwa Mama. Mtu mpole, hanyimi mtu salamu. Mwaka huu kabla ya mvua ya kwanza alikuja kunichukua asubuhi, akanizungusha kwa maduka mengine matatu bila kulalamika, lake likawa la mwisho. Mbele dukani kila kitu kilikuwa sawa. Nikaomba kuona stoo ya nyuma. Akasema ufunguo uko na mke wake na ameenda mazishi, tunaweza kumngoja, lakini pikapu yake taa zimekufa na kurudi Embu usiku itakuwa shida. Nikafikiria mtoto wangu ako kwa jirani. Nikaweka tiki pale pameandikwa stoo imekaguliwa, nikaweka sahihi. Haki ya Mungu sikuchukua hata shilingi. Nilichukua lifti tu.

Mwezi wa tano nikaenda nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, hiyo mjue. Kwa jirani mahindi yalikuwa yamefika magoti. Kwa Mama ni mche mmoja hapa, mwingine kule, kama mdomo wa mtoto anang'oka meno. Mama alikuwa anajilaumu, anasema labda alifukia mbegu chini sana, labda ni mchwa. Nikaomba pakiti. Mama hatupi kitu, alikuwa anaitumia kuwekea chumvi. Ile stika ya kukwangua, yenye namba ya kuhakikisha mbegu ni halali, ilikuwa bado nzima. Nikakwangua, nikatuma namba kwa simu, jibu likarudi kwamba namba hiyo haijulikani. Alikuwa ameuziwa mahindi ya kula yamepakwa rangi.

Nilipandwa na hasira, na nikammwagia yeye. Mimi mwenyewe ndiye nilimfundisha kukwangua stika kabla ya kununua. Nikamuuliza kwa nini hakukwangua. Akaniangalia kama ameulizwa swali la kijinga.

"Nikwangue ya nini, na sahihi yako iko kwa ukuta?"

Kumbe yule mzee aliitia fomu yangu kwa fremu akaitundika juu ya kaunta. Mama hajasoma sana, lakini sahihi yangu anaijua, ina mkia mrefu tangu nikiwa shule. Alirudi akaita wanawake sita wa chama chake akawapeleka kuiona. Aliwaambia huyo ni msichana wangu, hapa tuko kwetu. Wote wakanunua. Nilizunguka mashamba yao siku hiyo na nikatamani ardhi inimeze. Mama akauliza simu imesema nini. Nikamwambia mtandao umekataa.

Kutoka hapo nilienda dukani kwa miguu. Nilimwambia mzee nitamfungia duka. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Funga, Madam. Lakini kwa ripoti uandike pia uliletwa hapa na gari ya nani."

Nikarudi Embu. Mwenzangu wa kazi ananiambia ninyamaze, nimnunulie Mama mbegu safi huku mjini, maneno yaishe. Na wale wanawake sita? Nikiandika ukweli, kazi imeenda, na hii kazi ndiyo inamlisha mtoto wangu na Mama pia. Na haitaleta gari la pili, wala mafuta. Ataajiriwa mwingine, aambiwe atumie akili. Kikulacho ki nguoni mwako, walitufundisha shule, lakini hawakusema siku moja nguo itakuwa wewe.

Leo asubuhi Mama amenipigia. Mvua ya pili inakaribia na Jumanne, siku ya soko, anaenda na wale wanawake kununua mbegu kwa yule mzee tena. Wawili wamekataa, wanasema lile duka ni la wezi, na Mama amekosana nao kwa sababu wamechafua jina langu. Akaniuliza kama ile karatasi yangu bado iko pale ukutani.

Nikamwambia iko.

Akasema, "Basi ni sawa," akakata simu.

Sijafanya kazi yoyote tangu hapo. Nimekaa tu na fomu tupu ya ripoti mbele yangu. Wenye wamewahi kuwa mahali niko, nishaurini nifanye nini, na mnishauri kabla ya Jumanne.